Muziki Uliruhusiwa Kuingia Ufukweni, Waliouimba Wakaambiwa Walale Kwingine

Usiku wa tarehe 26 Agosti 1950, msururu wa magari uliingia kwenye mtaa wa watu Weusi unaoitwa The Hill, mjini Myrtle Beach, jimbo la South Carolina huko Marekani. Waliokuwa ndani ya magari walivaa makanzu meupe na kofia za kuchongoka. Ku Klux Klan, KKK, ndio wale wale. Hawakwenda kuvamia benki wala ofisi ya chama cha siasa. Walikwenda kuvamia kiwanja cha bata.

Kiwanja chenyewe kiliitwa Charlie's Place. Palikuwa na bendi, palikuwa na sakafu ya kuchezea, palikuwa na mashine ya sarafu inayopiga santuri, na kosa lake kubwa ni kwamba vijana wa Kizungu walikuwa wanakuja usiku kucheza pamoja na wenyeji. Basi. Hilo tu ndilo lililowafanya watu wazima na ndevu zao wapange foleni ya magari na kubeba bunduki.

Muziki uliokuwa unapigwa pale ndio ambao leo kule Carolina unaitwa muziki wa bichi. Una matamasha yake, una vipindi vyake redioni, na wazee wa Kizungu waliovaa mashati ya maua wanaucheza na bia mkononi kana kwamba ulizaliwa sebuleni kwao. Haukuzaliwa huko. Kiukweli haukuzaliwa hata ufukweni. Ulianzia bara, kwenye tumbaku.

Durham, North Carolina, miaka ya 1930. Mji umejaa viwanda vya sigara na maghala makubwa ambako wakulima walileta tumbaku yao kupigwa mnada. Mkulima anauza asubuhi, anatoka ghalani na noti mfukoni baada ya kukaa mwaka mzima akikopa chumvi dukani. Anayeujua msimu wa malipo ya korosho hahitaji kuelezewa zaidi: siku ile kila mtu mjini anakuwa rafiki wa mkulima. Wauza chakula wapo, wauza pombe wapo, na nje ya mageti ya maghala wapo wapiga gitaa.

Aliyevuma kuliko wote pale Durham ni Blind Boy Fuller, jina lake la kuzaliwa Fulton Allen. Alipoteza macho akiwa kijana, kazi za kubeba na kusukuma zikawa haziwezekani tena, akabaki na gitaa tu. Na hata kupiga barabarani hakukuwa kwa kujiamulia. Mwaka 1933 ilibidi wakubwa wa mji waandikiane barua ndipo aruhusiwe kupiga muziki mitaani, tena mahali atakapoelekezwa. Mtu haoni, bado anapangiwa pa kusimama. Kupangiwa huko kutarudi sana kwenye hadithi hii.

Mwaka 1935 meneja wa duka moja alimsikia Fuller akipiga, akaona kuna biashara, akampakia kwenye gari pamoja na wenzake mpaka New York kurekodi. Mmoja wa wenzake alikuwa Gary Davis, kipofu mwingine, ambaye wengi wanasema alimzidi Fuller kwa vidole. Ndani ya miaka kama mitano Fuller alirekodi zaidi ya ngoma 120. Hata msanii wa leo mwenye studio chumbani kwake angejivunia kasi hiyo. Februari 1941 akafariki, hajafika hata miaka 40.

Upigaji wao unaitwa Piedmont, jina la ukanda wa vilima ulio kati ya milima ya Appalachia na pwani. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, huku na huku, kama mtu anayetembea bila haraka, na wakati huo huo kidole cha shahada kinachomoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Gitaa moja linasikika kama mawili. Blues ya Mississippi ni kitu kingine kabisa, ile ni nzito, mtu anateleza na shingo ya chupa juu ya nyuzi mpaka gitaa linalia kama binadamu. Ya Mississippi inakukalisha chini uwaze. Ya Carolina inakuinua kwenye kiti, na hapo ndipo ilipo siri ya yote yaliyofuata, kwa sababu hii tangu mwanzo ilikuwa blues ya kuchezea.

Mtu aliyekulia nyumba yenye santuri za Mwenda Jean Bosco, yule fundi wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, akisikia Fuller lazima ageuke kuangalia nani anapiga. Dole gumba na kidole kimoja, gitaa moja likifanya kazi ya watu wawili. Bosco alirekodi "Masanga" mwaka 1952, na mwaka 1969 alialikwa kupiga kwenye tamasha la Newport huko Marekani, tamasha ambalo wazee wa gitaa la Carolina walikuwa wameshapanda jukwaa lake kabla yake.

Na siyo wazee wa kiume peke yao. Elizabeth Cotten wa Carrboro, North Carolina, aliacha shule mapema akaenda kufanya kazi za ndani. Akadunduliza mshahara mpaka akanunua gitaa la dola 3.75. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto na hakuna mtu wa kumbadilishia nyuzi, kwa hiyo akaligeuza gitaa juu chini akajifunza hivyo hivyo. Bado ni binti mdogo akatunga "Freight Train". Baadaye akaolewa, kanisa nalo likamwambia aachane na nyimbo za dunia, gitaa likawekwa pembeni kwa miongo kadhaa. Aliporudi tena kulishika alikuwa mfanyakazi wa ndani wa familia ya Seeger huko Washington, familia ya wanamuziki watupu, ambao walikuja kugundua kwamba mama anayewapikia anawazidi. Grammy yake aliichukua mwaka 1985 akiwa na miaka 92.

Halafu kuna wale jamaa wa Uingereza, Pink Floyd. Jina lile ni la wapiga blues wawili Weusi: Pink Anderson wa South Carolina na Floyd Council wa North Carolina. Kijana mmoja wa Kiingereza aliona majina yao, akayaunganisha, bendi ikauza mamilioni ya santuri. Wenye majina hawakuwahi kuwa matajiri. Tuseme ni bahati mbaya tu. Lakini bahati mbaya ya aina hii ina tabia ya kujirudia.

Vita ya Pili ya Dunia ilipoisha, gitaa la mkono lilikuwa limeanza kuzidiwa. Vijana wamehamia mijini, kumbi zimekuwa kubwa, na ukumbi ukishajaa watu mia tatu wanaocheza, gitaa lisilo na umeme halisikiki hata meza ya tatu. Wakaingiza umeme, saksafoni, ngoma za miguu na mikono, na waimbaji wanne au watano waliojifunza kupanga sauti kanisani. Dole gumba la Piedmont halikufa ila lilihama, mwendo ule wa kutembea bila haraka ukaenda kwenye besi.

Mfano mzuri ni Winston-Salem, mji mwingine wa tumbaku, walikotoka The "5" Royales. Mpiga gitaa na mtunzi wao alikuwa Lowman Pauling. Inasimuliwa kwamba gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa maboksi ya sigara. Jukwaani alilining'iniza kwa mkanda mrefu mpaka linafika magotini, akawa anapiga vipande vifupi vikali katikati ya maneno ya mwimbaji, kama mtu anayemkatiza mwenzake kwenye mabishano. Kijana wa Kizungu wa Memphis aliyeitwa Steve Cropper alimuona, akaenda kurefusha mkanda wa gitaa lake. Huyo Cropper ndiye baadaye aliyepiga gitaa nyuma ya Otis Redding. Pauling pia ndiye mwandishi mwenza wa "Dedicated to the One I Love", ngoma ambayo The Shirelles walifanya hiti mwaka 1961 na The Mamas & the Papas wakaifanya hiti tena mwaka 1967. Watu wengi wanaoijua ngoma hiyo hawajawahi kusikia jina la Pauling.

Na Durham yenyewe, mji wa Fuller, ilizaa sauti. Clyde McPhatter alizaliwa pale mwaka 1932. Mwaka 1953 akaanzisha kundi la The Drifters, na Drifters ni kama mashairi ya taifa kwa watu wa muziki wa bichi.

Sasa bahari yenyewe.

Kusini mwa Marekani wakati huo ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi zilizoitwa Jim Crow. Shule mbalimbali, viti vya basi mbalimbali, bomba za maji mbalimbali. Na fukwe pia. Mwanamke Mweusi aliweza kupika, kufua na kutandika vitanda kwenye hoteli ya Myrtle Beach siku sita kwa wiki, lakini kuingia kwenye maji yaliyo mbele ya hoteli hiyo hiyo, marufuku. Bahari kubwa namna ile, nayo walipata namna ya kuigawa.

Mwaka 1934 mfanyabiashara Mweusi wa mji wa Conway, George Tyson, alinunua ardhi kaskazini ya Myrtle Beach, na hapo pakaota mji mdogo wa Atlantic Beach. Watu wakaupa jina la Lulu Nyeusi. Ukanda ule ni wa Wagullah, wazao wa watumwa wa mashamba ya mpunga ambao walishika lugha na mapishi ya babu zao kuliko karibu watu wengine wote Weusi wa Marekani. Hata neno la jukiboksi, ile mashine ya santuri, wataalamu wa lugha wanalirudisha kwenye neno la Kigullah lenye maana ya vurugu au mambo ya ovyo. Atlantic Beach ilikuwa na hoteli zake, migahawa yake na kumbi zake. Pande zote mbili ilipakana na fukwe za Wazungu, na wazee wa pale wanasimulia habari za kamba iliyonyooshwa mpaka majini kuonyesha mwisho wa upande wao.

Wasanii walioitwa kupiga kwenye kumbi za Wazungu za Myrtle Beach walikuwa wanapiga shoo, wanashangiliwa, wanalipwa, halafu wanaambiwa hakuna chumba. Usiku wa manane wanafungasha vyombo na kwenda kulala Atlantic Beach, au The Hill kwa Charlie. Na wakifika huko hawalali. Wanapiga tena, safari hii kwa watu wao, bila saa. Ukiwauliza waliokuwepo shoo ipi ilikuwa kali, jibu lilijulikana.

Kaskazini zaidi, karibu na Wilmington, North Carolina, kulikuwa na Seabreeze, ufukwe mwingine wa watu Weusi, wenye vibanda vya samaki na vijumba vya dansi. Ng'ambo ya mfereji ulikuwepo ufukwe wa Wazungu, Carolina Beach. Usiku vijana kadhaa wa Kizungu walikuwa wanavuka kimya kimya, wanasimama mlangoni, wanasikiliza, wanaangalia miguu ya wachezaji. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote, na ya wachezaji waliokuwa wanaangaliwa ndiyo kabisa. Asubuhi vijana wale wanarudi upande wao na kumsumbua mwenye baa: weka zile santuri kwenye mashine yako. Mwenye baa akaziweka, kwa sababu sarafu haina rangi.

Turudi kwa Charlie sasa. Charlie Fitzgerald alifungua ukumbi wake kwenye barabara ya Carver mwaka 1937. Hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Alikuwa na ukumbi, moteli ndogo, taksi, kinyozi, na walioishi naye wanasimulia kwamba alikuwa anaingia sinema ya Wazungu na kukaa anapotaka yeye. Kwa mji wa South Carolina wa miaka ya 1940, mtu wa namna hiyo alikuwa anatembea na hatari mgongoni. Pale kwake walipita Count Basie, Billie Holiday, Little Richard. Na kwenye sakafu yake vijana wa rangi mbili walikuwa wanafundishana hatua, ngoma ileile, usiku uleule, wakati kwa mujibu wa sheria hawakutakiwa hata kunywa maji bomba moja.

Ile siku ya Agosti KKK walipita The Hill mara ya kwanza kwenye gwaride lao, honi na taa, kutisha watu. Kutoka kwa Charlie ikapigwa simu polisi: wakirudi tena, damu itamwagika. Wenye makanzu wakapata habari ya simu hiyo. Jinsi walivyoipata, kila mtu wa The Hill alikuwa na wazo lake. Wakarudi.

Walipiga risasi kwa mamia kwenye kuta za ukumbi. Watu walilala chini ya meza, wengine wakatoka kwa madirisha. Wakavunja viti, wakaivunja jukiboksi. Hata mashine ya muziki ilipigwa kama mtu. Charlie wakamburuta nje, wakamtupa kwenye buti ya gari, wakampeleka mbali, wakamchapa na kumkata masikio kwa kisu, halafu wakamuacha huko. Alirudi mjini akiwa hai.

Usiku ule mwanachama mmoja wa KKK alipigwa risasi, akafariki. Walipomvua kanzu hospitalini wakakuta ndani amevaa sare za polisi. Alikuwa askari wa mji wa Conway.

Kilichofuata ni cha kusikitisha lakini hakishangazi. Charlie ndiye aliyekaa rumande kwa muda mrefu, ikasemwa ni kwa usalama wake. Mkuu wa polisi wa wilaya, Mzungu, kwa haki yake alijitahidi akakamata watu kadhaa wa KKK, pamoja na kiongozi wao wa jimbo, Thomas Hamilton. Kesi ikafika mbele ya baraza la wananchi linaloamua kama mtu ashtakiwe, na baraza likasema hakuna wa kushtakiwa. Hakuna aliyefungwa kwa ajili ya Charlie's Place. Hamilton alikuja kwenda jela mwaka 1952, lakini kwa kuchapa watu wengine, huko North Carolina.

Charlie alifungua tena. Akaishi miaka mitano tu, saratani ikamchukua mwaka 1955. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 1954, kimbunga Hazel kilikuwa kimepiga pwani yote ile na kubomoa kumbi za ufukweni bila kuangalia rangi ya mwenye ukumbi. Wazungu wa Ocean Drive walikwenda benki, wakajenga upya. Seabreeze haikurudi kuwa ilivyokuwa.

Wakati huo muziki ulishavuka. Kule mijini kwao, wazazi wa Kizungu hawakutaka santuri hizo ndani ya nyumba na redio nyingi hazikuzipiga. Jarida la Billboard lenyewe liliita chati ya santuri za watu Weusi kwa jina la rangi yao mpaka mwaka 1949, ndipo likabadilisha kuwa Rhythm & Blues. Kwa hiyo kijana wa Kizungu wa Charlotte au Raleigh mahali pekee pa kuisikia ngoma ya The Drifters kwa uhuru ilikuwa likizo, ufukweni, kwenye jukiboksi ya baa ambayo mama hawezi kuingia. Akirudi nyumbani akaulizwa ule muziki ni wa nani, anajibu: ni muziki wa bichi.

Jibu hilo ndilo lililobaki kuwa jina. Halimtaji Fuller, halimtaji Pauling, halitaji The Hill wala Seabreeze. Linataja mahali msikilizaji alipokuwa amekaa. Ni kama uite pilau chakula cha harusi na usahau kabisa nani alikuwa jikoni.

Hatua za dansi nazo zilipata safari hiyo hiyo. Dansi inaitwa shag. Wawili wanashikana mkono mmoja, mwili wa juu umetulia kabisa, kazi yote iko chini ya magoti, miguu inateleza kama vile sakafu imemwagiwa mchanga, na mara nyingi ilikuwa imemwagiwa kweli. Kila ufukwe unadai shag ilianzia kwake na mabishano hayo hayaishi. Kisichobishaniwa na mtu mwenye akili zake ni kwamba mizizi yake ni jitterbug na Lindy Hop, dansi za watu Weusi, zilizopunguzwa mbio ili ziendane na joto, bia na ule mwendo wa taratibu wa muziki wenyewe.

Anayetaka kujua hesabu za pesa zilikwendaje aangalie ngoma mbili za Maurice Williams, kijana Mweusi wa Lancaster, South Carolina. Mwaka 1957 kundi lake la The Gladiolas lilitoa "Little Darlin'" aliyoitunga mwenyewe. Ikafanya vizuri kiasi chake. Wiki chache tu, kundi la Wazungu kutoka Kanada, The Diamonds, likafanya kava yake na kufika namba mbili Marekani nzima. Wengi mpaka leo wanajua ni ngoma ya The Diamonds.

Williams hakukata tamaa. Alikuwa na wimbo mwingine aliouandika akiwa na miaka 15, kuhusu msichana aliyetakiwa kuwa nyumbani saa nne usiku wakati yeye bado anataka aendelee kukaa. Kila kijana aliyewahi kubembeleza dakika tano za ziada getini kwa watu anaielewa hali hiyo. Akaurekodi na kundi lake jipya, The Zodiacs. "Stay" ina urefu wa dakika moja na sekunde 36. Novemba 1960 ikakaa namba moja Marekani, na mpaka leo ndiyo ngoma fupi kuliko zote zilizowahi kushika namba moja ya chati kuu pale. Mwaka 1987 filamu ya Dirty Dancing ikaibeba tena kwa kizazi kingine. Safari hii angalau watu walisikia sauti ya mwenyewe.

Mwaka 1964 The Drifters walitakiwa kurekodi "Under the Boardwalk". Mwimbaji aliyepangiwa, Rudy Lewis, akafariki siku moja kabla. Studio imeshalipiwa, wapigaji wameshaitwa, hakuna aliyeahirisha. Johnny Moore akaingia akaimba. Ukiisikiliza ngoma ile ukijua hivyo, ule utulivu wa sauti yake unasikika tofauti kabisa.

Mwaka huo huo wa 1964 sheria ya haki za kiraia ilipitishwa, na milango ya hoteli na migahawa ikalazimika kufunguka kwa wote. Kilikuwa kitu kilichopiganiwa kwa damu, hakuna wa kukibeza. Lakini Atlantic Beach kililipiwa bei ambayo wachache waliitarajia. Familia ambazo zamani hazikuwa na pengine pa kwenda sasa zilikuwa na uhuru wa kuchagua, zikaanza kwenda kujaribu hoteli kubwa zilizokuwa zimefungiwa miaka yote. Vyumba vya Lulu Nyeusi vikabaki vitupu, kumbi zikafungwa moja moja. Mwaka 1968 vimiji vinne vya jirani viliungana kuwa mji mmoja, North Myrtle Beach. Atlantic Beach, waliokuwa wamepata hadhi ya mji wao wenyewe mwaka 1966, walikataa kujiunga.

Heshima za kiserikali zilikuja, zilichelewa tu. Shag ikawa dansi rasmi ya jimbo la South Carolina mwaka 1984. Muziki wa bichi ukawa muziki rasmi wa jimbo mwaka 2001. The "5" Royales wakaingizwa Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2015. Lowman Pauling hakuwepo kuipokea. Alifariki Desemba 1973 huko Brooklyn, alikokuwa ameajiriwa kufanya usafi kwenye sinagogi, miaka sita baada ya ngoma yake kuimbwa na nusu ya dunia.

Ukumbi wa Charlie haupo tena. Baadhi ya vyumba vya moteli yake vilisalia vikiwa vimechakaa, na halmashauri ya Myrtle Beach ikaja kuvikarabati viwe mahali pa kumbukumbu, baada ya wakazi wa The Hill kulisemea jambo hilo kwa miaka mingi. Watu wa muziki wa bichi siku hizi wanapita kupiga picha.

Atlantic Beach nayo bado ipo, mji mdogo wa mitaa michache, umezungukwa na maghorofa ya hoteli. Barabara ya ufukweni ya North Myrtle Beach inakuja moja kwa moja kando ya bahari, na ikifika kwenye mpaka wa Atlantic Beach inaishia hapo. Upande wa pili wa mji inaanza tena. Dereva anayetaka kuendelea lazima atoke mpaka barabara kuu, azunguke, ndipo arudi baharini.